Mdakaji Asiye na Kadi

Zenaida Pedroso hakupewa kikombe cha kete kwa sababu anaijua besiboli kuliko wanaume wa Santa Eduvigis. Alipewa kwa sababu hakuna aliyemhesabu kuwa mtu wa Santa Eduvigis. Alizaliwa La Norita, ng'ambo ya mto, kwenye kiwanda cha sukari kilichokuwa hasimu wetu tangu enzi za babu zetu, akaja kwetu kuolewa. Amezaa kwetu, amezeeka kwetu, mumewe amezikwa kwetu, na bado akipita barabarani anaitwa "yule wa La Norita". Sisi ni watu wa roho nzuri, mtu asituelewe vibaya, ila besiboli ikiingia, roho hiyo tunaiacha nyumbani.

Mashindano yenyewe yalianza kwa upweke. Kiwanda chetu kilipofungwa, kikang'olewa mtambo mmoja mmoja hadi ikabaki dohani peke yake, timu nayo ikafa, kwa sababu timu ilikuwa ya kiwanda. Uwanja ukaota nyasi, mbuzi wakahamia. Ludovino Arencibia, aliyekuwa mtunza takwimu wa timu maisha yake yote, alikaa bila kazi ya Jumapili mpaka akaanza kugombana na mkewe. Ndipo akabuni hii habari ya kadi. Alichagua timu nne kali kuliko zote kiwanda kilizowahi kuwa nazo, ya hamsini na nane, ya sitini na sita, ya sabini na nne na ya themanini na nane. Kila mchezaji akamkatia kadi, na kwenye kadi akapanga namba kulingana na alivyocheza mwaka ule. Kete tatu zinatikiswa kwenye kikombe cha ngozi, zinamwagwa mezani, halafu kadi inasomwa: kapiga, kakosa, kadakwa, kavusha ukuta. Waliokufa na walio hai, waliobaki na waliokwenda Tampa kule Marekani, wote wanarudi uwanjani na ujana wao. Timu ambazo hazikuwahi kuonana zinachapana kwenye baraza ya Ludovino, Jumapili baada ya chakula, umeme ukishakatika.

Msimu wa kwanza nusura watu wauane. Fermín Bacallao, mrushaji mkuu wa timu ya sabini na nne na sasa kocha wake mezani, alishutumiwa kwamba anamwaga kete bila kuzitikisa. Orestes Yanes, kocha wa themanini na nane, alishutumiwa kwamba anazipulizia. Ludovino naye, kete ikiwa mbaya kwa timu aipendayo, ilikuwa inaanguka chini ya meza kwa bahati, na bahati hiyo haikumwacha hata siku moja. Siku meza ilipovunjwa mguu, Zenaida alikuwa amekuja kuazima chujio la kahawa kwa mke wa Ludovino. Orestes akamwona mlangoni.

"Huyo hapo!" akapiga kelele. "Mpeni yule wa La Norita. Mkono wake hauna timu!"

Tangu hapo Zenaida akawa na kiti chake kwenye kichwa cha meza, kile chenye mahali pa kuegemeza mikono. Kahawa ikitoka jikoni, kikombe cha kwanza ni chake. Wanaume waliokuwa wakimsalimia kwa kuinua kidevu tu sasa walisimama akifika. Akizimwaga kete, watu wazima wenye wajukuu walikuwa wakizuia pumzi. Na ukweli usemwe, alikipenda kiti kile. Baada ya miaka yote ya kuwa mgeni, hatimaye ugeni wake ulikuwa na faida.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkaa rohoni, na jambo hilo hakumwambia mtu.

Siku ya kwanza Ludovino alipozipanga kadi za timu ya sabini na nne mezani, Zenaida alizipitia kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akazipitia tena. Erasmo hakuwamo. Erasmo Cuéllar, mumewe, ambaye mwaka ule wote alipanda lori la timu kila Jumapili, akavaa sare ya timu, akarudi amechoka kama wengine. Hakukuwa na ubaya wowote uliofanywa. Kadi inatoka kwenye takwimu, na Erasmo hakuwa na takwimu. Alikuwa akiba wa mdakaji, yule anayechutama nyuma ya mpigaji. Kazi yake ilikuwa kuwapasha misuli warushaji pembeni ya uwanja, nyuma ya kamba, kabla hawajaingia mchezoni. Alidaka mipira kuliko mtu yeyote katika timu ile, ila yote ilikuwa mipira isiyohesabiwa. Hakuwahi hata mara moja kushika gongo mbele ya watu.

Mtu wa namna hiyo anaonekanaje nyumbani? Zenaida anaweza kukueleza. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kila kimoja upande wake, hadi pete ya ndoa haikuweza kuvuka kifundo. Wiki nzima alisimama kwenye mashine zinazotenganisha sukari na uji wake, kelele zikamla sikio moja, na Jumapili alikwenda kuchutama mpaka magoti yalie. Sare yake ndiyo iliyomtesa Zenaida. Udongo wetu ni mwekundu, ukishika nguo haukubali kutoka, na wake za wachezaji walikuwa wakikutana kwenye karo za kufulia Jumatatu kulalamika kwa majivuno. "Angalia huyu wangu alivyojiburuza kituo cha pili!" Sare ya Erasmo ilirudi na vumbi la magotini tu. Basi Zenaida alikuwa akiisugua kwa nguvu na kwa muda mrefu sawa na wenzake, huku akiguna, ili wasijue. Sare ile safi ilichakaa kabla ya zile chafu.

Jioni moja, bado wakiwa vijana, alimuuliza wakiwa mezani.

"Erasmo, haikuumi?"

"Nini?"

"Kukaa kule nyuma ya kamba. Wenzako wanashangiliwa, wewe hata mbwa hakubwekei."

Erasmo alitafuna wali wake kwanza. "Fermín akishinda, ule mkono nimeupasha mimi," alisema. Kisha akaongea kama anayeiambia sahani: "Ila ningependa mara moja tu waniite. Cuéllar, shika gongo. Basi."

Hakuitwa. Msimu uliofuata goti lilikataa, akaacha, na wala hakulizungumzia tena.

Kwa hiyo Zenaida alilijua alilolitaka, na alijua pia kwamba hawezi kuliomba. Mkono unaoombea mtu ni mkono wenye timu. Akifungua mdomo tu, Orestes atamwondolea kikombe, na atakuwa na haki. Akanyamaza. Akawarushia kete makumi ya wanaume, wakiwemo wawili waliowahi kumtania mumewe kuwa ni mbeba mabegi, na yule mmoja aliyempenda hakumrushia.

Mwaka huu timu ya sabini na nne ilifika fainali. Upande wa pili walikuwa themanini na nane. Tangu asubuhi baraza ilijaa, watu wakaacha meza zao za domino, chupa ya plastiki yenye ramu ya kienyeji ikawa inazunguka, na matusi yakaanza kabla ya kadi kupangwa.

"Timu ya masufuria hiyo!" Fermín alifungua dimba, kwa sababu wakati wa kina Orestes watu walikuwa wakipigia magongo ya chuma. "Watu wazima mnapigia bati! Ukiupiga mpira, mama yako anadhani chakula kiko tayari!"

"Na nyinyi je?" Orestes akamrudishia. "Wewe mpira wako, Fermín, ulikuwa unaurusha Jumapili, unafika Jumatatu. Mpigaji anapata nafasi ya kunywa kahawa."

"Kahawa hiyo mlikunywa nyinyi mliozaliwa jana."

"Jamani, punguzo la chuma nimeshalikata kwenye kadi," Ludovino alisema. Alikuwa amelikata kweli. Fermín alisema amekata kidogo mno, Orestes akasema amekata mno, kwa hiyo huenda lilikuwa sawasawa.

Mchezo ulikwenda vizuri mpaka awamu ya saba. Themanini na nane walikuwa na mabao matatu, sabini na nne mawili. Zenaida akatikisa kikombe, akamwaga. Moja, moja, moja. Watu wote wakaguna, kwa sababu hiyo ndiyo namba ya kuumia. Ludovino akachungulia jedwali lake.

"Mdakaji. Nemesio Roque, kidole. Anatoka, harudi."

Fermín akazipekua kadi zake. Akazipekua tena, taratibu, kama mtu aliyepoteza ufunguo na hataki kuamini.

"Sina mdakaji mwingine," akasema.

"Basi mmekwisha!" mtu mmoja upande wa themanini na nane akaruka. "Timu bila mdakaji haichezi!"

"Ngoja kwanza. Tulikuwa na mdakaji mwingine." Fermín alitazama kadi, kisha kwa aibu kubwa akainua macho kwenye kichwa cha meza. "Tulikuwa na Erasmo."

Waliokuwa wakijua wakakumbuka, na waliosahau wakaona haya kwamba wamesahau. Zenaida akakiweka kikombe cha ngozi mezani.

"Hana takwimu," Ludovino alisema kwa sauti ndogo. "Sina pa kuanzia. Siwezi kumtengenezea kadi mtu ambaye hakuwahi kupiga."

"Mtengenezee," akasema Orestes. Maneno mengi ya Orestes ni ya kuudhi, lakini lile lilimtoka vizuri. "Mpe wastani. Wastani wa timu. Nani atalalamika? Mimi ndiye mpinzani, na mimi nakubali."

"Mpe wastani!" wengine wakaitikia. "Alikuwa mtu mwema Erasmo!"

Ludovino akachukua kadi tupu na penseli. Zenaida akamwekea mkono juu ya kadi.

"Fermín," akasema. "Wewe ulikuwa naye mazoezini. Alikuwa anapigaje?"

"Shemeji, hayo ya zamani tuyaache..."

"Nimekuuliza."

"Alikuwa anajitahidi."

"Fermín Bacallao, usinipake mafuta. Mimi si mtoto."

Fermín akakuna shingo. "Hakuweza, shemeji. Mpira ukija alikuwa anafumba macho. Mimi mwenyewe nilimrushia polepole kabisa, kama unavyomrushia mtoto, akaupata mara moja, ukaishia miguuni pake. Tulicheka mpaka kocha akatufukuza. Lakini kudaka! Hapo sikudanganyi. Nemesio alikuwa na jina, lakini Nemesio mipira ilikuwa inampita. Erasmo haukumpita hata mmoja. Ukichimba chini anauzuia kwa kifua."

Zenaida alicheka, tena kicheko cha kweli. Akilini alimwona Erasmo akichinja kuku uani, amefumba macho.

"Basi andika hivyo," akamwambia Ludovino. "Kudaka umpe alama zote. Kupiga umpe alichokuwa nacho. Nikimpa wastani, atakayeingia uwanjani si Erasmo. Sijui atakuwa nani, ila si mume wangu."

Ludovino akaandika. Upande wa kudaka akampa kila kitu. Upande wa kupiga akampa sita tatu peke yake, ndiyo ile mara moja ya mazoezini. Kete nyingine yoyote, katolewa. Juu akaandika jina, na kadi ikawekwa miongoni mwa wenzake.

Orestes akakohoa. "Kuna jambo moja, na msinichukie. Huo mkono sasa una timu."

Watu wakamzomea, lakini Zenaida alikuwa tayari ameshainuka. Alijua litakuja. Alikitazama kile kiti, akaitazama kahawa yake ya kwanza iliyobaki nusu, na moyo ukamuuma waziwazi, kwa sababu hakuna aliyemwahidi kwamba atarudishiwa. Akamsukumia Orestes kikombe.

"Rusha wewe."

"Mimi? Mimi ndiye mpinzani!"

"Ndiyo maana. Wakishinda kwa mkono wako, hakuna atakayesema wamependelewa. Na usizipulizie."

Akazunguka meza, akasogeza watu, akaketi kwenye benchi la sabini na nne, ubavuni mwa Fermín. Hapo hakukuwa na mahali pa kuegemeza mikono.

Awamu ya nane themanini na nane walifikisha mtu kituo cha tatu, hatua moja tu na bao. Orestes akamwaga kete. Mrushaji wa Fermín alikuwa amechoka, na namba ikasema mpira umechimba chini kabla ya kufika. Kwa mdakaji mwingine unampita, na aliye kituo cha tatu anafunga bao. Ludovino akaishika kadi mpya, akaisogeza karibu na miwani.

"Haukumpita," akasema.

Benchi zima likaruka. Fermín akajipiga kifua kuonyesha ulipotua, akampiga na Zenaida bega kwa furaha, akasahau kwamba ni mjane wa watu. "Nimewaambia! Nimewaambia!" Enzi zile Zenaida alikuwa akizifunga mbavu za Erasmo kwa vitambaa vya maji ya moto, na hii ndiyo mara ya kwanza watu walishangilia zilichozuia.

Ikafika awamu ya tisa, inayofunga mchezo, sabini na nne wakipiga wa mwisho. Bado matatu kwa mawili. Wawili wametolewa, mmoja yuko kituo cha tatu, na mpigaji mmoja tu amebaki kati yao na kushindwa. Fermín akatazama zamu ni ya nani, akafumba macho. Nafasi ya Nemesio. Erasmo.

Kando yake ilikuwepo kadi moja ya akiba, ya Zamora, na Zamora mwaka ule alikuwa akipiga hata akiwa na homa. Kocha yeyote mwenye akili angemtoa Erasmo, akamwingiza Zamora. Macho yote ya benchi yalikuwa kwenye kadi ya Zamora. Na Fermín hakuwa na ubingwa hata mmoja maishani mwake, wa uwanjani wala wa mezani.

"Shemeji," akasema, "niambie nifanye nini."

Mtu mwingine angejibu kwa heshima, angesema wewe ndiye kocha, fanya linalofaa timu. Erasmo mwenyewe angesema hivyo, na ndivyo alivyoishi. Zenaida alilifikiria jibu hilo, akaliona ni zuri, na akaona amechoka nalo.

"Nataka apige," akasema. "Najua mtafungwa. Sijali. Nataka aitwe, ashike gongo, apige."

Mzee mmoja wa benchini akaguna. Fermín akamtazama mpaka akanyamaza. Kisha akaichukua kadi ya Zamora, akaigeuza kifudifudi, akasimama wima kama mtu aliye uwanjani.

"Cuéllar!" akaita, na sauti ikafika barabarani. "Shika gongo!"

Orestes alitikisa kikombe. Hakuzipulizia. Alitikisa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu naye, mshindani, hakuwa na uhakika tena anaomba nini. Akamwaga. Mbili, tano, moja. Wala hazikukaribia.

"Katolewa," Ludovino akasema. "Mchezo umekwisha. Mabingwa ni themanini na nane."

Hakuna aliyepiga kelele. Orestes, aliyekuwa na kawaida ya kupanda juu ya kiti hata akipata bao moja, alibaki akizitazama kete. Wenzake wakaanza kukusanya vikombe, taratibu, kama watu waliokuja kutoa rambirambi.

"Pole, Zenaida," Orestes akasema.

"Pole ya nini?"

"Basi tu. Ilivyotokea."

"Si mmeshinda?"

"Tumeshinda, lakini..."

"Angetolewa Zamora, saa hizi wewe ungekuwa wapi?"

Kila mtu alijua angekuwa wapi. Angekuwa juu ya meza, akimtukana Zamora na kizazi chake.

Zenaida akasimama. Uso ulikuwa umemwiva, na sauti ilipomtoka ilikuwa ya hasira kamili.

"Mume wangu ameingia fainali, mbele yenu wote, mkamtoa. Mkamtoa vizuri, hakuna aliyeiba. Halafu mnaniletea pole? Mnamwonea huruma? Kama amepiga kweli, mzomeeni! Au mlikuwa mnamchezea mjane mchezo wa watoto?"

Orestes akamtazama Fermín. Fermín, na ubingwa wake umeshakwenda na maji, akamtikisia kichwa: fanya. Ndipo Orestes akapanda juu ya kiti, akazungushia mdomo viganja viwili, akavuta pumzi.

"Kaa chini, Cuéllaaar! Fumbua macho, kipofu wee!"

Upande mzima ukalipuka. "Rudisha gongo, Cuéllar, ni la watu!" "Cuéllar, ulikuwa unafukuza nzi?" "Hata tungekuwekea mpira kwenye sahani!" Wakapiga meza, wakapiga miluzi, wakamzomea kama wanavyomzomea mchezaji yeyote wa Santa Eduvigis aliyeshindwa wakati anategemewa, bila kumpunguzia. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumzomea Erasmo, kwa sababu kumzomea mtu lazima kwanza umwone.

Zenaida alisimama katikati ya kelele hizo akilia na kucheka kwa pamoja. Kisha akashika kiuno, akaanza kuwajibu mmoja mmoja, wao na masufuria yao, akawatajia na mambo ya baba zao ambayo siyaandiki hapa. Mke wa Ludovino akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi.

"Kuna nini? Nani anatukanwa hivyo Jumapili yote hii?"

"Ni Erasmo," Fermín akamwambia. "Katoka kupiga sasa hivi."